Mshindi Asiyetambuliwa: Fainali ya Mita 1,000, London 1908

Katikati ya Julai 1908, kwenye uwanja wa White City magharibi mwa London, waendesha baiskeli wanne walijipanga kwa fainali ya mbio fupi za mita 1,000 za Michezo ya Olimpiki. Watatu walikuwa Waingereza: Benjamin Jones, Clarence Kingsbury na Victor Johnson. Wa nne alikuwa Mfaransa, Maurice Schilles, kijana wa miaka 20. Kingsbury na Johnson wakapata pancha. Wakabaki Jones na Schilles, wakategeana karibu mbio nzima, kila mmoja akikataa kukaa mbele, kisha wakaachia nguvu zao zote katika yadi 200 za mwisho. Schilles akawa wa kwanza kuvuka mstari, kwa tofauti ya inchi chache tu.

Hapo ndipo waamuzi walipotangaza kwamba mbio zimefutwa. Sheria iliwapa washindani dakika 1 na sekunde 45 kumaliza mita 1,000, na muda huo ulikuwa umepita. Hakutolewa dhahabu, wala fedha, wala shaba. Waamuzi wakakataa pia kuruhusu mbio hizo zirudiwe. Mpaka leo, kwenye orodha ya mabingwa wa Olimpiki, mahali pa mbio fupi za London pamebaki wazi.

Kisa hiki husimuliwa kwa sentensi mbili tatu kama kituko cha zamani, kisha watu wakaendelea na mengine. Naona si haki. Ndani yake kuna maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa: je, waamuzi walikuwa na haki ya kufuta? Na je, walikuwa na haki ya kuacha taji bila mwenyewe? La kwanza nalijibu kwa shingo upande, ndiyo. La pili, hapana.

Njia ya zege ya yadi 660

Wengi wetu Afrika Mashariki tunazijua mbio za barabarani, hasa baada ya Kigali kuandaa mashindano ya dunia Septemba 2025. Mbio za uwanjani zina tabia zake. Baiskeli yake haina breki wala friweli. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, na mwendeshaji hupunguza mwendo kwa kuzibana pedeli kwa miguu. Njia imeinama kwenye kona ili baiskeli isiteleze kwenda nje. Na katika mbio fupi, anayefika wa kwanza ndiye anayeshinda, awe ametumia dakika 1 au 5. Angalau ndivyo mchezo wenyewe ulivyozaliwa.

White City ulijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Uingereza na Ufaransa ya mwaka huo, yaliyokusudiwa kuonyesha urafiki wa mataifa hayo mawili baada ya makubaliano yao ya 1904. Michezo ya Olimpiki ilikuwa imepangiwa Roma, Italia ikajitoa, London ikaichukua. Ndani ya uwanja huo mmoja kulibanwa kila kitu: tangi la kuogelea la mita 100 katikati, njia ya wakimbiaji ya theluthi ya maili, na nje yake njia ya baiskeli ya zege yenye yadi 660, yaani mita 603 na ushee. Mashindano ya baiskeli yalianza tarehe 13 Julai, siku ileile Mfalme Edward VII alipofungua rasmi michezo, na wiki hiyo mvua haikuwaonea huruma washindani.

Urefu wa njia hiyo una uzito katika kisa chetu. Viwanja vya Olimpiki vya siku hizi ni vya mbao na mzunguko wake ni mita 250. Kwenye njia ya mita 603, mita 1,000 ni mzunguko mmoja na theluthi mbili hivi. Sehemu zilizonyooka ni ndefu sana, na aliye mbele anakabiliana na upepo kwa muda mrefu bila mahali pa kujificha.

Kwa nini walitegeana

Aliyekaa jukwaani bila kuujua mchezo angeweza kudhani Jones na Schilles ni wavivu. Ukweli ni kinyume. Mwendeshaji anapofikia kilomita 45 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zake inaliwa na hewa. Nguvu ya kuishinda hewa haipandi sambamba na mwendo. Ukitaka mwendo mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Aliye nyuma, gurudumu lake la mbele likiwa karibu kugusa la nyuma la mwenzake, anaokoa kati ya robo na theluthi ya jasho. Kisha anapochomoka pembeni akiwa bado na akiba, mwenzake ameshachoka.

Kwa hiyo kukaa nyuma ni akili. Na watu wawili wenye akili sawa wakikutana, wote watataka kukaa nyuma. Wataenda polepole, watapanda juu ya kona na kushuka, watachunguliana begani. Kutegeana huko ni moyo wa mbio zenyewe.

Ukitaka ushahidi, rudi Athens 1896, kwenye michezo ya kwanza kabisa ya zama hizi. Paul Masson wa Ufaransa alishinda mbio za kushindana na saa za mita 333 kwa sekunde 24, ambao ni mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Mtu huyohuyo, kwenye michezo hiyohiyo, alishinda mbio za mita 2,000 kwa muda wa karibu dakika 5, sawa na kilomita 24 kwa saa. Mtu anayeweza kwenda 50 alishinda akienda 24, kwa sababu hakuna aliyetaka kuvuta upepo kwa ajili ya mwenzake. Kama waamuzi wa London wangekuwa Athens na kipimo chao cha dakika 1 na sekunde 45 kwa kila kilomita, ushindi wa Masson ungefutwa bila mjadala. Yeye anahesabiwa bingwa wa Olimpiki, na hakuna anayembishia.

Saa ilidai nini hasa

Tupige hesabu. Mita 1,000 kwa sekunde 105 ni wastani wa kilomita 34 kwa saa. Unasikika kuwa mdogo kwa watu wa kasi. Lakini tuchukulie kwamba yadi 200 za mwisho, karibu mita 183, wanazimaliza kwa sekunde 14. Zinabaki mita 817 na sekunde 91. Ili wawahi, lazima mwendo wao kabla ya kufyatuka uwe kilomita 32 kwa saa, tena kuanzia mstari wa kuanzia, wakitoka kusimama. Huo si mwendo wa kuviziana. Ni mwendo unaomlazimisha mmoja wao akubali kubeba upepo kwa zaidi ya dakika nzima huku adui yake akipumzika nyuma.

Linganisha na mbio nyingine za wiki ileile, njia ileile. Kingsbury alishinda kilomita 20 kwa dakika 34 na sekunde 13.6, wastani wa kilomita 35 kwa saa. Charles Bartlett alishinda kilomita 100 kwa saa 2, dakika 41 na sekunde 48.6, wastani wa kilomita 37. Yaani mbio za kilomita 100 zilikwenda kasi kuliko kiwango ambacho watu wa mita 1,000 walishindwa kukifikia. Katika mbio ndefu kundi hupokezana upepo na wote wanafaidika mwendo ukiwa mkubwa. Katika mbio fupi za watu wawili, anayetoa mwendo anamfaidisha mmoja tu, na huyo ndiye anayetaka kumnyang'anya medali.

Kuna ushahidi mwingine unaonigusa zaidi. Kwenye michezo hiyo palikuwa na mbio za mzunguko mmoja tu, yadi 660. Johnson alizishinda kwa sekunde 51.2, wastani wa kilomita 42 kwa saa, Émile Demangel wa Ufaransa akiwa wa pili. Watu walewale, uwanja uleule, na hakukuwa na kashfa, kwa sababu umbali ni mfupi kiasi kwamba nafasi ya kutegeana haipo. Waandaaji walikuwa na mbio ya kasi tupu tayari. Kuichukua ile ya mita 1,000, ambayo uhai wake ni hila na subira, kisha kuipima kwa saa, ni kuiomba iwe mbio nyingine.

Waliotunga sheria walikuwa na sababu

Nisiwaonee. Sheria ya muda haikutungwa kwa ukorofi. Chama cha waendesha baiskeli cha Uingereza, National Cyclists' Union, kilikuwa kimeona mbio nyingi ambamo watazamaji waliolipa kiingilio waliishia kutazama watu wakitambaa. Mchezo uliotegemea mapato ya mlangoni usingeweza kuvumilia hilo milele. Kuweka kikomo cha muda kulionekana dawa rahisi: tembeeni mtakavyo, ila mkichelewa, mmekula hasara wote.

Tatizo liko kwenye hayo maneno "wote". Adhabu inayowaangukia wote kwa usawa haiwasukumi wote kwa usawa. Fikiria uko kwenye njia ile, mmebaki wawili, na moyoni unajua mwenzako ana mguu wa mwisho mkali kuliko wako. Ukivuta mbele ili kuiwahi saa, atakupita mwishoni. Ukikataa kuvuta, saa itapita na mbio zitafutwa. Mwenye kuhofia kushindwa hana cha kupoteza muda ukipita. Mwenye uhakika wa kushinda ndiye anayebaki na mzigo wa kuiokoa mbio, kwa kwenda mbele na kuuweka uhakika wake rehani. Sheria ya namna hii inamnyima aliye bora silaha yake na kumpa aliye dhaifu njia ya kutokea.

Simtuhumu Jones kwa hilo, na hakuna sababu ya kumtuhumu. Alikuwa mmoja wa wanaume wenye nguvu kuliko wote kwenye michezo ile, na alipofika yadi 200 za mwisho alipigana mpaka inchi za mwisho. Schilles naye aliijua sheria, na hakuna aliyemzuia kwenda mbele mapema. Kama ni lawama ya kuchelewa, wanaigawana nusu kwa nusu. Ndiyo maana nasema kufuta kulikuwa na utetezi. Sheria ilikuwepo, ilijulikana kabla ya mbio, na saa haikudanganya.

Waamuzi wa nyumbani

Katika michezo ya 1908 kila mchezo ulisimamiwa na chama chake cha Uingereza. Waamuzi wa baiskeli walikuwa wa National Cyclists' Union, na aliyekuwa wa kwanza kuvuka mstari alikuwa mgeni pekee kwenye fainali. Picha hiyo peke yake inatosha kuzua maneno. Tena mambo hayakuwa shwari kati ya pande hizo mbili: shirikisho la kimataifa la baiskeli lilianzishwa Paris mwaka 1900 bila Uingereza, kufuatia ugomvi juu ya madai ya Waingereza ya kuwakilishwa na timu zaidi ya moja, na Uingereza ikaingia mwaka 1903 tu.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba hukumu ile ilikuwa ya upendeleo wa moja kwa moja. Jones alikuwa wa pili. Kufuta mbio kulimnyima medali Mwingereza aliyeipigania. Mwamuzi anayetaka kuwapa watu wake faida angetafuta namna ya kumwondoa Schilles na kumpandisha Jones, wala hilo halikufanyika. Nawaona kama watu walioshika maandishi ya sheria yao na kufumba macho kwa kingine chochote. Huo ni udhaifu wa namna nyingine, na pengine mbaya zaidi, kwa kuwa anayeufanya anaamini ametenda haki.

Wiki moja baadaye, uwanja huohuo ulitoa mfano wa kulinganisha. Tarehe 23 Julai, fainali ya mita 400 kwa miguu ilifutwa baada ya waamuzi kusema Mmarekani John Carpenter alimzuia Mwingereza Wyndham Halswelle. Carpenter akaondolewa, na waamuzi wakaagiza mbio zirudiwe tarehe 25 Julai. Wamarekani wawili waliobaki, William Robbins na John Taylor, wakagoma. Halswelle akakimbia peke yake na kupewa dhahabu. Ulikuwa mwisho mchungu, na Wamarekani waliondoka na kinyongo. Lakini angalia utaratibu: mbio zimefutwa, tarehe mpya imewekwa, njia ya kumpata bingwa imebaki wazi. Chama cha riadha na chama cha baiskeli vilikuwa vyama viwili tofauti, ila michezo ilikuwa ileile, uwanja uleule, mwezi uleule. Kwa hiyo hoja kwamba kurudia fainali ya Olimpiki ni jambo lisilowezekana haina mguu wa kusimamia.

Na fainali ya baiskeli ilistahili kurudiwa kuliko hata ile ya wakimbiaji. Washindani wawili kati ya wanne walikuwa wametolewa na pancha, bila kosa lao. Kurudia kungewarudisha Kingsbury na Johnson mstarini. Kukiwa na watu wanne badala ya wawili, kutegeana kunakuwa kugumu zaidi, maana daima yupo mmoja anayeshawishika kujaribu bahati mapema, na akichomoka wengine hawana budi kumfuata. Kwa maneno mengine, sheria ile ya muda ingeweza kufanya kazi kwa wanne. Ilivunjika ilipokutana na wawili.

Kilichofuata

Kabla wiki haijaisha, Jones na Schilles walikutana tena kwenye fainali ya mita 5,000. Safari hii Jones alishinda, kwa dakika 8 na sekunde 36.2, Schilles wa pili na Mfaransa mwenzake André Auffray wa tatu. Schilles na Auffray walikuwa pia wamechukua dhahabu ya mita 2,000 kwa baiskeli ya watu wawili. Jones na Kingsbury walichukua dhahabu ya timu pamoja na Leon Meredith na Ernest Payne. Ukihesabu vizuri, watu wote wanne wa fainali iliyofutwa waliondoka London na dhahabu angalau moja. Labda ndiyo sababu kelele zilizimika mapema. Lakini dhahabu ya mbio nyingine hailipi ya mbio hii, na kwa mtu wa mbio fupi, taji la mbio fupi ndilo jina lake.

Pengo lenyewe lilikuwa refu. Georges Taillandier alikuwa ameshinda mbio fupi Paris mwaka 1900. St. Louis 1904, waendesha baiskeli walikuwa Wamarekani watupu. London 1908 haikutoa bingwa. Stockholm 1912 haikuwa na mbio za uwanjani kabisa, 1916 vita vikazuia michezo. Ilibidi kusubiri Antwerp 1920, ambako Maurice Peeters wa Uholanzi alilichukua taji hilo akiwa na miaka 38. Kwa miaka 20 mchezo huu ulikuwa na fainali moja tu yenye washindani wa mataifa mbalimbali kwenye Olimpiki rasmi, na waamuzi wakaifuta.

Migogoro ya London, wa baiskeli ukiwa mmojawapo, ilisaidia kusukuma uamuzi utoke mikononi mwa mwenyeji na kupelekwa kwa mashirikisho ya kimataifa. Kwa upande wa sheria za mbio fupi, mchezo ulichukua njia iliyo kinyume kabisa na ile ya 1908. Saa ikawekwa kwenye mita 200 za mwisho tu, kwa kumbukumbu, wala si kwa kuamua kama mbio ni halali. Kutegeana kukaachwa kushamiri mpaka kupitiliza: Tokyo 1964, katika nusu fainali, Giovanni Pettenella wa Italia na Pierre Trentin wa Ufaransa walisimama tuli juu ya baiskeli zao kwa dakika 21 na sekunde 57, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Pettenella alishinda na baadaye akatwaa dhahabu. Mbio hazikufutwa.

Dawa iliyopatikana baadaye ni nyepesi kuliko ile ya Waingereza, na inagusa tatizo lenyewe. Siku hizi mshindani anaruhusiwa kusimama tuli kwa sekunde 30 tu, na kwa idadi ya mara iliyowekewa kikomo. Anayetakiwa kuongoza anajulikana, na akikaidi anaadhibiwa yeye. Tena kwenye fainali wawili hushindana mpaka mmoja ashinde mara mbili, kwa hiyo mkondo mmoja ukiharibika, haufi na taji.

Waamuzi wa 1908 hawakuwa na sheria hizo, na siwadai wazibuni mchana ule. Walichokuwa nacho ni mamlaka ya kupanga mkondo mwingine. Jones, Kingsbury na Schilles walikuwa bado mjini, njia ya zege ilikuwa bado inatumika mpaka mwisho wa wiki, na mbio yenyewe ingechukua chini ya dakika 2.